Bushi zilizopita kwenye kipimo zikagoma kwenye shafti

Kisa hiki kimetoka kwenye chuo kimoja cha ufundi kinachofundisha ukerezaji na teknolojia ya uzalishaji kwa stashahada ya miaka miwili. Jina la chuo, la mteja na ya watu wote waliohusika yameondolewa. Idadi ya vipande na mfuatano wa tarehe vimebadilishwa kiasi cha kutomtambulisha mtu. Vipimo vya mchoro nimeviacha vilivyo, kwa sababu kisa chenyewe kimejificha humo. Niliitwa kama mtathmini wa nje, mzigo ukiwa umesharudishwa na mteja.

## Usuli wa programu

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa mashine za mkono: kukereza, kutoboa, milingi (kuchonga kwa kisu kinachozunguka), kunoa visu, tupa na jiliwa. Mwaka wa pili ulikuwa wa CNC, yaani mashine zinazoendeshwa kwa programu ya kompyuta. Miaka michache kabla ya kisa, chuo kilipata mashine mbili za aina hiyo, moja ya kukereza na moja ya milingi, na kama ilivyo kwingi, mashine mpya ziliivuta programu nzima upande wao. Waombaji waliongezeka. Saa za mashine za mkono zilipunguzwa. Somo la upimaji, ambalo hapo awali lilijitegemea, lilimegwa na kusambazwa ndani ya masomo mengine kwa hoja kwamba mwanafunzi atajifunza kupima huku anakereza.

Hoja hiyo si mbaya, na nimeona vyuo vilivyofanya hivyo kwa mafanikio. Ila somo lililosambazwa linahitaji mtu wa kulisimamia. Hapa hakuwepo. Mkufunzi wa mashine za mkono aliamini upimaji unafundishwa vizuri mwaka wa pili, kwa kuwa vifaa bora viko huko. Mkufunzi wa CNC aliamini wanafunzi wamefika kwake wakiwa wanajua.

Utaratibu wa kukagua kazi ulikuwa hivi. Mwanafunzi anamaliza kipande, anampelekea mkufunzi, mkufunzi anapima na kusema "iko sawa" au "rudisha". Fomu ya ukaguzi ilikuwa na kisanduku kwa kila kipimo, na ndani ya kisanduku iliwekwa alama ya vema. Namba hazikuandikwa. Kwa hiyo katika miaka miwili mwanafunzi angeweza kutengeneza vipande vingi bila kulazimika hata siku moja kusema kwa kinywa chake kwamba kipande hiki ni kizuri, na kusimamia kauli hiyo.

## Kazi iliyopokelewa

Karakana moja ya nje iliomba bushi za bronzi, yaani silinda fupi zenye tundu ambamo shafti huzunguka, mia na zaidi kidogo. Mkuu wa idara aliipokea kama mradi wa uzalishaji wa mwaka wa pili: wanafunzi wangepanga kazi, wangeandika programu, wangekereza na kukagua, na malipo yangefidia visu na mafuta ya karakana.

Mchoro ulikuwa mwepesi kuusoma. Kipenyo cha nje 36 h6, tundu 30 H7, urefu milimita 40. Bushi ilitakiwa iingie kwenye nyumba yake kwa kutelezeshwa na kufungwa kwa skrubu, si kwa kushindiliwa, kwa hiyo tundu halikutarajiwa kubanwa baadaye. Ndani yake ingezunguka shafti ya 30 g6.

Kwa asiyezoea alama hizi: H7 kwenye kipenyo cha 30 inaruhusu tundu liwe kati ya milimita 30.000 na 30.021. Shafti ya g6 inatakiwa iwe kati ya 29.980 na 29.993. Maana yake tundu dogo kuliko yote yanayokubalika na shafti nene kuliko zote zinazokubalika bado zinaachiana maikroni 7, yaani sehemu saba kati ya elfu moja za milimita. Kwenye karatasi, hakuna bushi halali inayoweza kugoma kuingia kwenye shafti halali.

## Kilichotokea

Ofisi ya ununuzi ilileta bronzi ikiwa imeshakatwakatwa na msambazaji, kila kipande kikiwa na urefu wa milimita 42 hivi. Ilikuwa nafuu kuliko kununua fito ndefu, na hakuna kipande cha mwisho kinachobaki mkononi. Uamuzi huo wa stoo, ambao hakuna mkufunzi aliyeulizwa kuuhusu, ndio uliopanga namna kazi itakavyoshikwa kwenye mashine.

Kwa kuwa kila kipande kilikuwa kifupi hivyo, hakikuwa na mkia wa kukamatwa. Ilibidi kishikwe kwa mwili wake wenyewe. Kundi la wanafunzi, wakiongozwa na mkufunzi wa CNC, lilipanga hatua mbili. Kwanza, kukereza nje hadi kipimo cha mwisho na kutoboa tundu la milimita 28. Pili, kugeuza kipande, kukikamata kwa nje kwenye chaku (kishikio cha mashine) ya taya tatu ya haidroliki, taya zikiwa zimewekewa vipande vyembamba vya karatasi ya shaba ili zisiache alama, kisha kupanua tundu kwa kisu hadi 30 H7 na kusafisha uso wa pili.

Programu ilikwenda bila kasoro. Bushi zilitoka zinang'aa. Mwanafunzi alipima tundu kwa geji ya saa yenye ncha mbili za kugusa, kipande kikiwa bado cha moto mkononi, akampa mkufunzi. Mkufunzi alipima kwa geji ileile, akaweka vema. Mzigo ulipakiwa ukaenda.

Ulirudi. Zaidi ya nusu ya bushi hazikuingia kwenye shafti. Nyingine ziliingia zikakwama katikati. Mteja aliambatanisha barua fupi yenye adabu, na shafti moja ya kujaribia.

## Watuhumiwa watatu

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa shafti. Ni kawaida: mzigo ukirudi, karakana huangalia kwanza kazi ya mwenzake. Shafti ilipimwa kwa maikromita sehemu kadhaa, ikasoma 29.990. Halali. Hapo mazungumzo ya kumlaumu mteja yalikwisha, na nampongeza mkuu wa idara kwa kuyakatisha mapema.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa joto. Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na bronzi hutanuka kwa takriban maikroni 18 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Tundu la milimita 30 lililopimwa likiwa na nyuzi 45 ni kubwa kwa takriban maikroni 13 kuliko litakavyokuwa likipoa. Kwenye nafasi ya kosa, yaani tofauti inayoruhusiwa, ya maikroni 21, hiyo ni zaidi ya nusu. Mkufunzi wa CNC alidhani kisa kimekwisha hapo.

Hesabu ilimkatalia. Wanafunzi walisema walikuwa wakilenga katikati, karibu 30.010. Likipungua maikroni 13, tundu linafika 29.997: halikubaliki kwa mchoro, lakini shafti ya 29.990 bado ingepita. Joto lingeweza kueleza bushi chache zilizopimwa kwenye mpaka wa chini. Haliwezi kueleza zaidi ya nusu ya mzigo. Laiti fomu zingekuwa na namba badala ya vema, jambo hili lingejulikana kwa kusoma karatasi. Badala yake ilibidi bushi zote zipimwe upya, zikiwa zimelala karakanani usiku kucha zipoe.

Zilipopimwa, ikawa ajabu zaidi. Geji ya saa ilisoma kati ya 29.995 na 30.012. Nyingi zilikuwa ndani ya kipimo. Bushi iliyosoma 30.005 ilikataa shafti ya 29.990 kana kwamba maikroni 15 za nafasi hazipo.

Aliyelifungua fumbo hilo alikuwa mkufunzi wa mashine za mkono, ambaye hakuhusishwa kabisa na mradi. Hakupima kitu. Aliipaka shafti rangi ya buluu ya kukagulia, tabaka jembamba, akaisukuma ndani ya bushi iliyogoma, akaizungusha kidogo na kuitoa. Ndani ya tundu kulikuwa na mistari mitatu ya buluu, iliyoachana sawasawa. Kisha akaigeuza bushi na kuonyesha alama hafifu za taya upande wa nje. Mistari ya buluu ilikaa katikati ya alama hizo, kila mmoja kati ya taya na taya.

## Kwa nini geji ilidanganya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye elimu.

Bushi hii ina ukuta wa milimita 3 tu. Taya tatu za chaku zikiibana, inajipinda mithili ya mpira mwepesi unaobonyezwa kwa vidole vitatu: inaingia ndani pale penye taya na kufura kati ya taya. Kisu kinapopita, kinakata tundu la mviringo kamili ndani ya kitu kilichopinda. Mradi chaku imebana, tundu ni duara. Ukifungua taya, ukuta unarudi ulikotoka, na tundu lililokuwa duara linapata umbo la pembe tatu zilizopinda: limetoka nje penye taya, limeingia ndani kati ya taya.

Sasa lete geji yenye ncha mbili. Upande mmoja unagusa penye uvimbe, na upande wa pili, ulio mkabala kabisa, unagusa penye bonde. Kilichozidi huku kimepungua kule. Zungusha geji utakavyo, usomaji ni uleule. Umbo lenye mawimbi matatu lina tabia hiyo: kipenyo kikisomwa kwa ncha mbili hakibadiliki, ingawa tundu si duara. Lakini shafti haigusi kwa ncha mbili, inagusa pande zote kwa pamoja. Ikiwa kila wimbi lina kimo cha maikroni 10, duara linaloweza kupita ndani ya tundu ni dogo kwa maikroni 20 kuliko geji inavyosema. Tundu lililosoma 30.005 kwa kweli lilikuwa mlango wa 29.985. Shafti ya 29.990 ilikuwa na haki ya kugoma.

Chuo kilikuwa na dawa mbili za ugonjwa huu. Moja ni maikromita ya ndani yenye ncha tatu, ambayo ukiizungusha ndani ya tundu la namna hii usomaji wake unapanda na kushuka waziwazi. Ilikuwepo, imefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, kwa sababu ni kifaa cha bei. Nyingine ni geji ya plagi: nguzo fupi yenye upande wa "ingia" na upande wa "usiingie". Upande wa "ingia" unafanya kile shafti itakachofanya. Chuo hakikuwa na plagi ya 30 H7, lakini kingeweza kuikereza na kuisaga chenyewe, na kwa kweli baadaye wanafunzi waliitengeneza.

Kwa nini tatizo hili halikuwahi kuonekana enzi za mashine za mkono? Kwa sababu kule chaku hukazwa kwa ufunguo. Mkono wa fundi unasikia bronzi nyembamba ikianza kukubali, na fundi analegeza kabla ya mkato wa mwisho. Hakuna mtu aliyeandika hilo kwenye mtaala. Lilikuwa mkononi, na lilipita mkono kwa mkono. Chaku ya haidroliki haina hisia hiyo, inabana kwa presha iliyowekwa, na presha ilikuwa imewekwa siku mashine ilipofungwa, kwa ajili ya vipande vya chuma vilivyojaa. Programu ya masomo ilihama kutoka mashine moja kwenda nyingine ikaacha nyuma ujuzi ambao haikujua kwamba inao.

## Maamuzi na sababu zake

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa la haraka: wakufunzi wawili wenye uzoefu warudie mzigo mwisho wa wiki kwenye mashine za mkono, mteja aridhike, maisha yaendelee. Mkuu wa idara alikataa. Alisema kazi ilipokelewa kwa jina la mafunzo, na wakufunzi wakiirudia kimyakimya, wanafunzi watahitimu wakiamini walitengeneza bushi nzuri. Mficha uchi hazai. Alimwandikia mteja akaeleza kilichotokea bila kuzunguka na kuomba muda. Mteja alikubali, bila furaha.

Pendekezo la pili lilikuwa kununua mashine ya kupimia umbo kwa kompyuta. Lilitoka kwa mkufunzi wa CNC na lilikuwa la nia njema. Lilikataliwa pia, na naona sawa. Mashine hiyo ingeonyesha mawimbi matatu vizuri sana, lakini aliyebandua siri hiyo alitumia kopo la rangi. Kilichopungua kilikuwa swali, "je, shafti itaingia?", na swali hilo halikuulizwa na mtu yeyote kabla mzigo haujafungwa.

Uamuzi wa tatu ndio niliouona wa busara kuliko yote. Wanafunzi hawakuambiwa sababu. Kila kundi lilipewa bushi tano zilizogoma, shafti, vifaa vyote vya kupimia pamoja na ile maikromita ya kabatini, na siku mbili za kuandika maelezo ya nini kimetokea. Makundi mawili yaliishia kwenye joto. Moja liliishia kwenye shafti, licha ya vipimo vyake. Mawili yalifika kwenye umbo la tundu, moja likitumia buluu na jingine likiona usomaji wa ncha tatu unavyopanda na kushuka. Mjadala uliofuata kati ya makundi ulikuwa mkali, na mkufunzi wa CNC alikaa kwenye benchi akisikiliza kama wengine.

Kurekebisha uzalishaji kulikuwa na njia kadhaa, na wanafunzi walitakiwa wazitetee. Kupunguza presha ya chaku peke yake kulikataliwa kwa usalama: kadiri spindeli, yaani mhimili unaobeba chaku, inavyozunguka kwa kasi, taya zinavutwa kwenda nje na nguvu ya kukamata inapungua, na kipande kilichoshikwa kwa unyonge kinaweza kuruka. Waliafikiana juu ya njia mbili. Vipande vifupi vilivyokuwa vimebaki vingeshikwa kwa taya laini, yaani taya za chuma kisicho kigumu zilizokerezwa palepale kwenye mashine hadi zikumbatie kipenyo cha 36 karibu pande zote, pamoja na presha ya wastani na mkato mwepesi wa mwisho. Bushi zilizobaki zingetoka kwenye fito ndefu: chaku inakamata mkia, nje na ndani vinakerezwa kwa mshiko mmoja, halafu bushi inakatwa. Kwa njia hii ya pili taya haziigusi kabisa sehemu inayokuwa bushi wakati tundu linapokamilishwa. Ndiyo njia ambayo mkufunzi wa mashine za mkono angeichagua tangu mwanzo, na alilisema hilo mara moja tu, jambo ambalo wenzake walilithamini.

Mabadiliko ya programu yenyewe yalikuwa machache. Vema iliondolewa kwenye fomu, kila kisanduku kikadai namba, kifaa kilichotumika, na jina la mwanafunzi aliyepima. Mwanafunzi alitakiwa atie saini kwamba kipande kinakubalika au hakikubaliki kabla mkufunzi hajakigusa. Mkufunzi alikatazwa kujibu swali la "iko sawa?" kwa ndiyo au hapana. Alama za ukaguzi zilitolewa kwa namna namba ya mwanafunzi inavyokaribiana na namba ya mkufunzi, hata kama kipande chenyewe ni kibovu: aliyetengeneza kipande kibovu akakitambua na kukiandika hivyo alipata alama za ukaguzi kamili. Rafu moja iliwekwa ya kupozea kazi kabla ya kipimo cha mwisho. Na upimaji ulirudishwa kuwa somo lenye mkufunzi wake.

## Matokeo

Baadhi ya bushi za mwanzo ziliokolewa kwa kupanuliwa kidogo zaidi ndani ya taya laini. Nyingi hazikuwa na nyama ya kutosha: pale tundu lilipotoka nje, penye alama za taya, tayari zilikuwa zimevuka 30.021. Mzigo wa pili ulikaguliwa kwa plagi iliyotengenezwa na wanafunzi, na mteja aliukubali wote isipokuwa vipande vichache vyenye michubuko ya usafirishaji. Zile za taya laini na zile za fito ndefu zilipita zote, ingawa za fito zilitumia bronzi nyingi zaidi na muda mfupi zaidi.

Kifedha, mradi ulikula malipo yake wote. Mteja alishukuru, akalipa, na kazi yake iliyofuata akaipeleka kwingine.

Muhula uliofuata, alama za wanafunzi zilishuka. Hili liliwashtua wasimamizi wa chuo, ambao walikuwa wameahidiwa uboreshaji. Mkuu wa idara aliwaonyesha kwamba vipande havikuwa vibovu kuliko zamani, bali sasa ubovu ulikuwa unaandikwa. Alipewa muhula mmoja zaidi. Alama zilipanda tena, si hadi zilipokuwa. Wanafunzi waliolalamika zaidi ni wale waliojiunga kwa ajili ya CNC na kujikuta wakitumia asubuhi nzima na maikromita.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kuhamisha hukumu. Mwanafunzi anayejua kwamba atasema "ndiyo" au "hapana" kabla ya mkubwa wake anaanza kupima kwa namna nyingine. Anauliza kifaa hiki kinasoma hadi wapi. Nilimwona mmoja akiirudisha kalipa ya venia mwenyewe, kwa kuwa inasoma kwa hatua za milimita 0.02 na nafasi yote ya kosa ilikuwa 0.021. Kabla ya hapo kalipa hiyo ilikuwa ikitumika kwenye matundu ya H7 bila mtu kushtuka, kwa sababu kipimo cha mwanafunzi hakikuwa na uzito wowote. Kanuni ya karakana kwamba hatua ya usomaji ya kifaa isizidi sehemu moja ya kumi ya nafasi ya kosa ilikuwa imefundishwa darasani na ikajibiwa vizuri kwenye mtihani.

Uchunguzi wa bushi mbovu uliofanywa na wanafunzi wenyewe ulikuwa wa thamani kuliko zoezi lolote la mwaka huo. Siri yake ni kwamba bushi hizo zilikuwa na sura nzuri. Zoezi la kawaida la kutafuta kosa humpa mwanafunzi kipande chenye kosa linaloonekana, na anajifunza kutafuta makosa yanayoonekana.

Alama za kukaribiana zilianza vizuri zikaharibika. Ndani ya wiki chache wanafunzi waligundua kwamba mkufunzi huwa anasoma karibu na katikati ya nafasi ya kosa, na namba kadhaa zikaanza kufanana mno. Wengine walisubiri mwenzao akaguliwe kwanza. Dawa iliyopatikana ni kuchanganya kwenye rafu vipande vilivyokerezwa makusudi nje ya kipimo, vikiwa na namba za siri, na mwanafunzi akapima kazi isiyo yake. Ni dawa nzuri, ila inamlemea mkufunzi, na ingefaa iwepo tangu siku ya kwanza.

Kosa la mpangilio ambalo sidhani limepata uzito unaostahili ni lile la ununuzi. Ripoti ya ndani ya chuo ililiweka kwenye mstari mmoja. Mimi ningeliweka juu zaidi. Urefu wa malighafi ndio unaoamua kipande kitashikwaje, na namna ya kushika ndiyo inayoamua umbo la kipande. Programu ya ukerezaji inayofundisha kisu, kasi na mwendo kwa wiki nyingi na kugusia ushikaji wa kazi kwa saa mbili imegeuza uzito wa mambo. Kasi ikikosewa, kisu kinapiga kelele, uso unakwaruzika, na kila mtu anasikia. Mshiko ukikosewa kwenye kazi nyembamba, mashine inabaki tulivu na bushi inang'aa.

Kuhusu mashine za mkono, kisa hiki kilitumiwa na baadhi ya wakufunzi kudai saa zote zirudishwe kama zamani. Sikubaliani nao. Kilichokuwa cha thamani kule kilikuwa hisia ya mshiko, na hisia hiyo inaweza kufundishwa kwa zoezi moja lililopangwa vizuri: mwanafunzi anakaza pete nyembamba kwenye chaku ya mkono huku saa ya kupimia ikigusa ndani ya tundu, na anaona mshale ukihama kabla hajakata chochote. Zoezi hilo huchukua asubuhi moja. Baada yake, mwanafunzi anaposimama mbele ya chaku ya haidroliki, swali la kwanza analouliza ni la presha.

Lililobaki bila suluhisho ni mzigo wa kupima upya. Wakufunzi wa muda, wanaolipwa kwa saa za darasani, hawakulipwa kwa saa za kukagua, na mmoja wao alirudia vema ndani ya mwezi. Mkuu wa idara aliomba nafasi ya fundi wa chumba cha vipimo, hakuipata. Kwa sasa kipande kimoja kati ya vitano ndicho kinachopimwa mara ya pili, kikichaguliwa kwa kura mbele ya wanafunzi, na ufunguo wa kabati la maikromita umetolewa stoo ukawekwa karakanani.